Sauti Juu ya Picha: Historia Fupi ya Istilahi za Filamu za Elimu katika Kiswahili

1. Utangulizi

Istilahi nyingi za Kiswahili zimeingia katika lugha kwa mlango wa kitabu. Mwandishi huandika, mhariri husahihisha, kamati hukaa na kupima, na hatimaye neno huchapwa likasambazwa shuleni na maofisini. Lakini liko kundi moja la maneno ambalo kwa sehemu kubwa halikupitia mlango huo. Ni maneno yaliyotamkwa juu ya picha iliyokuwa tayari inakwenda, mbele ya hadhara iliyokusanyika uwanjani usiku, na mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kufungua kamusi. Haya ni maneno ya filamu za elimu, yaani filamu zinazoeleza nchi za dunia, watu wake, mila zao, na matatizo yanayowakabili wanadamu wote.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maneno hayo katika Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1930. Hatuandiki historia ya filamu zenyewe, wala hatutaki kuhesabu zilikuwa ngapi. Swali letu ni moja: pale picha ilipotoka nje na sauti ikatafutwa hapa, ni nani aliyechagua maneno, na uchaguzi huo ulileta faida gani au hasara gani?

Swali hili lina uzito wake. Mtu anayetazama filamu juu ya nchi asiyoijua hana njia ya kuihakiki. Huiona nchi hiyo kwa jicho la mpiga picha na huielewa kwa maneno ya msimulizi. Na siku nchi yake mwenyewe inapopigwa picha, watu wa mbali humwelewa yeye kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kuharibu maarifa ya darasa zima, na pengine laweza kuharibu jina la mji mzima.

2. Asili ya jina

Yafaa tuanze na jina la kitu chenyewe. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu iitwayo Nanook of the North, juu ya maisha ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada. Miaka minne baadaye alitoa nyingine, Moana, juu ya watu wa visiwa vya Samoa. Ni filamu hii ya pili iliyomfanya John Grierson, mhakiki kutoka Uskoti, aandike katika gazeti moja la New York mwaka 1926 neno ambalo baadaye lilikuja kuwa jina la aina hii yote ya filamu katika Kiingereza. Wafaransa walikuwa wamekwisha kulitumia kwa picha za safari.

Watu wengi hudhani kwamba neno hilo linatokana na maana ya hati au waraka, kana kwamba filamu ya namna hii ni hati iliyopigwa muhuri. Shina lake la Kilatini linatuonyesha vingine. Documentum linatokana na kitenzi docere, yaani kufundisha. Kabla halijawa hati lilikuwa fundisho. Nalo fundisho huwa na mwalimu wake, hata kama mwalimu huyo haonekani.

Jambo hili lilidhihirika tangu mwanzo. Katika Nanook of the North, mwindaji anayeonekana hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Alionyeshwa akiwinda kwa zana za zamani wakati ambapo watu wake walikuwa wamekwisha kuijua bunduki. Nyumba yake ya theluji ilijengwa upande mmoja tu, ili mwanga uingie na mtambo wa picha upate nafasi. Flaherty hakukusudia kudanganya. Alitaka kufundisha jinsi maisha yalivyokuwa kabla ya wageni. Lakini mtazamaji hakuambiwa hivyo.

Kiswahili kwa muda mrefu hakikuwa na jina maalumu la filamu za aina hii. Watu walisema senema au sinema, na wengi wakasema picha tu. Hata leo mtu husema ametazama picha nzuri akiwa na maana ya filamu nzima. Baadaye yalizuka majina mbalimbali: filamu ya hali halisi, filamu ya matukio halisi, filamu ya makala, au makala peke yake kama wanavyosema watangazaji wa redio na televisheni. Katika mazungumzo husikika pia dokumentari. Tutarudi kwenye majina haya mwishoni, kwa sababu uteuzi wake unategemea yale tutakayoyaona katika historia.

3. Vugiri, 1935 hadi 1937

Mwanzo wa filamu za elimu zilizosemwa kwa Kiswahili twaweza kuutafuta Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Huko ndiko kulikowekwa, mwaka 1935, makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Aliyeuanzisha ni J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York. Watendaji wakuu walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyepata kuwa msimamizi wa mashamba katika Afrika ya Mashariki, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza idara ya elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mpaka ulipokoma mwaka 1937, mradi huo ulikuwa umetengeneza filamu fupi fupi zipatazo 35, za upana wa milimita 16.

Filamu hizo zilihusu kilimo, ufugaji, kodi, akiba ya posta, afya na mengineyo. Moja ilionyesha mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Nyingine ilieleza ugonjwa wa safura. Sauti haikuwa katika utepe wa picha. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na santuri hizo zilipigwa huku picha ikionyeshwa. Gari lilibeba mtambo na kuzunguka maelfu ya maili, kutoka Tanganyika mpaka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda.

Kwa mwanafunzi wa istilahi, filamu ile ya safura ni somo zuri. Neno safura limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya umanjano. Waswahili waliuita ugonjwa kwa dalili yake: mtu hupauka, ngozi hugeuka rangi, nguvu humwishia. Filamu ilikuja na jambo jipya, kwamba chanzo cha hayo ni mnyoo mdogo unaoingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu. Hapakuwa na haja ya kubuni neno. Neno lilikuwapo, nalo lilijulikana na kila mtu. Kilichohitajika ni kulipanua lipokee maarifa mapya. Leo safura ni jina la ugonjwa wa mnyoo huo, wala hakuna anayeona ugeni ndani yake. Hii ndiyo njia bora ya kupata istilahi, na yafaa ikumbukwe kila mara kabla ya kukimbilia kukopa.

Kulikuwa na somo jingine lisilopendeza sana. Filamu moja ya mradi huo iliitwa kwa Kiingereza Veterinary Training of African Natives. Neno la mwisho la jina hilo, kwa Kiingereza cha wakati ule, lilikuwa na harufu ya dharau. Ukiligeuza kwa Kiswahili utapata wenyeji, na dharau yote huanguka. Mwenyeji ndiye mwenye mji, ndiye ampokeaye mgeni, ndiye mwenye haki ya kumwuliza mgeni ametoka wapi na anataka nini. Hapa lugha yenyewe ilikataa kubeba mzigo iliotwishwa. Lakini tusijidanganye kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Maneno mengine ya dharau yalipita bila kuzuiwa.

Inashangaza kuona kwamba mambo mawili makubwa yalikwenda sambamba katika muongo ule bila kuwa kitu kimoja. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kazi yake kubwa ilikuwa kusanifisha maandishi na kuidhinisha vitabu vya shule, na kamusi zake mashuhuri zilizoandaliwa na Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939. Maelezo ya filamu hayakuwa vitabu. Hivyo, wakati usanifishaji ukiendelea mezani, Kiswahili cha picha kilikuwa kikikua barabarani, ndani ya gari.

4. Gari la sinema na mfasiri wake

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni, kilichoitwa Colonial Film Unit. Kiongozi wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria na kutumia filamu katika kampeni zake. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa katwa upesi. Kwa hiyo filamu ziwe za polepole, zisizo na hila, jambo moja baada ya jingine. Imani hiyo ilipingwa baadaye, na kwa haki. Mtu anayeweza kufuata ngano ya usiku mzima yenye wanyama wanaosema na wafu wanaofufuka, hawezi kushindwa na picha iliyokatwa. Lakini kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala.

Filamu nyingi za kitengo hicho zilikuwa bubu. London ilituma picha pamoja na maelezo yaliyoandikwa, na mfasiri aliyesimama kando ya gari akiwa na kipaza sauti aliyageuza kwa lugha ya mahali. Mojawapo ilikuwa Mr. English at Home ya mwaka 1940, iliyoonyesha siku moja katika maisha ya familia ya seremala wa Kiingereza: mume anakwenda kazini, mke anashughulika nyumbani, watoto wanakwenda shule, jioni wote wanakutana mezani. Hii ilikuwa filamu ya utamaduni na jiografia katika maana yake kamili, ila mtazamwaji sasa alikuwa Mwingereza na mtazamaji alikuwa mwananchi wa makoloni.

Fikiria kazi ya mfasiri mbele ya picha kama ile. Jina lenyewe lamtega: je, aseme bwana huyu yuko nyumbani, au yuko kwao? Nyumbani ni paa na mlango. Kwao ni asili na ukoo. Kiingereza kina neno moja, Kiswahili kina mawili, na kila moja lafungua hadithi tofauti. Mfasiri alilazimika kuamua kabla picha haijapita. Akikosea, hapana wa kumsahihisha. Akipatia, hapana wa kuandika. Neno lilikwisha kutamkwa, likaondoka na upepo.

Tunapaswa kuwaheshimu watu hawa. Wao walikuwa wanaistilahi kabla ya sisi kuwa na neno istilahi katika majarida yetu. Ustadi wao haukufa. Miongo kadhaa baada ya Colonial Film Unit kufungwa mwaka 1955, mabanda ya video ya Dar es Salaam, na kadhalika yale ya Uganda, yalizaa watafsiri wanaosimulia filamu za kigeni juu ya sauti ya asili, wakieleza, wakitania, na kufananisha mambo ya ugenini na mambo ya mtaani. Mtu akitaka kujua mahali ambapo mfasiri wa gari la sinema alirithiwa, aende akasikilize huko.

5. Majira, barafu na bara

Sasa tuangalie maneno yenyewe, tukianza na yale ya jiografia ya dunia. Hapa taabu kubwa haikuwa ukosefu wa maneno. Taabu ilikuwa kwamba maneno yaliyokuwapo yalikuwa na makazi yake, na filamu iliyahamisha.

Mfano mkubwa ni majina ya majira. Sisi tuna masika, yaani mvua kubwa za kuanzia Machi mpaka Mei. Kipupwe, ubaridi wa kuanzia Juni mpaka Agosti. Vuli, mvua ndogo za mwishoni mwa mwaka. Na kiangazi, wakati wa jua na ukavu. Majina haya yametokana na pepo na mvua za Bahari ya Hindi. Nchi za baridi nazo zina majira manne, ambayo yametokana na urefu wa mchana na usiku. Kwa kuwa huku ni manne na kule ni manne, wafasiri wa vitabu na wa filamu waliyaoanisha moja kwa moja: kipupwe kikawa majira ya theluji, masika yakawa wakati wa miti kuchanua, kiangazi kikawa wakati wa joto lao, na vuli ikawa wakati wa majani kupukutika.

Matokeo yake ni haya. Mtoto wa Tabora anatazama filamu ya Ulaya, anasikia kwamba masika yamefika, kisha anaona maua na jua la upole. Yeye anajua masika ni matope na mito iliyofurika. Ama ataona kwamba msimulizi amekosea, au ataona kwamba neno lake la nyumbani halina maana maalumu. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Vile vile filamu ya Australia inaposema kwamba Desemba ni kiangazi, na ya Uingereza ikisema Desemba ni kipupwe, mtoto hupoteza kabisa uhusiano wa neno na mwezi. Ingefaa zaidi kusema majira ya baridi, majira ya kuchipua, majira ya joto na majira ya kupukutika, na kuyaacha masika na vuli yabaki kwao.

Neno barafu lina historia ya namna nyingine. Limetoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Theluji nalo limetoka katika Kiarabu, ambako hutumika kwa theluji na kwa maji yaliyoganda pia. Kiswahili kilipokea maneno mawili ya karibu maana moja, kikayagawia kazi: barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, theluji ni ile ianguukayo kutoka angani ikiwa laini. Mgawanyo huu haukuamriwa na mtu. Lakini ulipokuja wakati wa kueleza filamu za ncha za dunia au za milima mirefu, istilahi zilikuwa tayari. Kosa linalosikika mpaka leo ni kuyatumia maneno haya kiholela, hata katika maelezo ya kilele cha Kilimanjaro, ambapo tofauti kati ya theluji ya msimu na barafu ya karne nyingi ndiyo kiini cha habari yenyewe.

Bara nalo limesafiri mbali. Kwa mtu wa pwani na visiwani, bara ilikuwa nchi kavu iliyo ng'ambo, kule misafara ilikokwenda. Jiografia ya shule ililichukua neno hilo likawa jina la kila moja ya sehemu kuu za nchi kavu za dunia: bara la Afrika, bara la Asia. Maana zote mbili zinaishi pamoja bila ugomvi, nasi twasema Tanzania Bara na bara la Afrika katika sentensi moja, na kila msikilizaji huelewa.

6. Baada ya uhuru

Uhuru ulileta swali jipya: je, sasa sauti iendelee kuwekwa juu ya picha ya wengine, au picha na sauti vizaliwe pamoja? Katika hotuba yake ya Jamhuri ya tarehe 10 Desemba 1962, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Neno utamaduni, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lina uhusiano na mji na maisha ya mjini, lilipewa hapo maana pana ya roho ya taifa zima, mjini na kijijini. Kabla ya hapo lilishindana na ustaarabu, neno ambalo lilimfanya Mwarabu kuwa kipimo cha uungwana. Kwa msimulizi wa filamu za watu wa dunia tofauti hii ni ya lazima. Watu wote wana utamaduni. Ukisema baadhi yao hawana ustaarabu, umekwisha kuwahukumu kabla hujawaeleza.

Vyombo vya kazi viliundwa kimoja baada ya kingine. Kamati ya zamani iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, na kazi yake mojawapo ikawa kusanifisha istilahi. Upande wa filamu, Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968. Kenya ilikuwa imeanza televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri vituo vyake mpaka mwaka 1994. Hata jina la chombo lilizusha mjadala: wengi walishika televisheni, na wengine wakapenda runinga, neno ambalo kubuniwa kwake hutajwa pamoja na jina la Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu.

Lakini mfano uliofaulu kuliko yote haukutoka katika filamu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio, vitabu vidogo na vikundi vya kusikiliza. Kampeni hiyo iliandaliwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Neno lililosemwa redioni lilikuwa limeandikwa kitabuni, na kikundi kililijadili chini ya mti kabla ya kwenda kuchimba choo. Hivyo istilahi ilipita katika sikio, jicho na mkono. Filamu za kigeni hazikuwahi kupata nafasi kama hiyo.

Masuala ya dunia nzima yalipokuja, tofauti ya njia hizi mbili ilionekana wazi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm mwaka 1972 ulizaa shirika la mazingira ambalo makao yake yaliwekwa Nairobi, na neno mazingira, kutokana na kuzingira, likaenea upesi kwa sababu lilieleweka lenyewe. Ugonjwa mpya ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, watu waliuita kwanza Juliana. Kisha likaja Ukimwi, ambalo wengine walilifumbua kuwa upungufu wa kinga mwilini na wengine ukosefu wa kinga mwilini. Tofauti hiyo si ndogo kwa mgonjwa. Kilichopungua chaweza kuongezwa, kilichokosekana hakipo.

Neno tabianchi nalo lilichelewa. Kwa miaka mingi wasimulizi walisema hali ya hewa kwa mambo mawili: mvua ya leo, na wastani wa mvua wa miaka mingi ambao wataalamu huupima kwa vipindi vya miaka 30. Mtu aliyesikia kwamba hali ya hewa inabadilika aliweza kujibu kwamba hubadilika kila siku. Tabia haibadiliki kwa siku moja, na tabia ya mtu ikibadilika jirani zake hushtuka. Ndiyo maana tabianchi inafaa: linabeba ndani yake sababu ya kushtuka.

7. Tunapotazamwa sisi

Mpaka hapa tumeona filamu zikituletea dunia. Tugeuze sasa upande wa pili, ambapo dunia ililetewa habari zetu.

Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti lazima isife. Mwanawe Michael, aliyeshirikiana naye, alikuwa amekufa Januari mwaka huo huo katika ajali ya ndege. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar na kulifanya jina la Serengeti lijulikane ulimwenguni. Jina hilo ni la Kimaasai, na husemwa kwamba maana yake ni uwanda usio na mwisho. Lakini katika mwaka uo huo mipaka ya hifadhi ilibadilishwa na Wamaasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Watazamaji wa Ulaya walijifunza jina, wala hawakujifunza ni nani aliyelitoa. Kiswahili chetu nacho kilipokea msamiati wa pori, hifadhi na wanyamapori, na mara nyingi kikasahau neno malisho, ambalo lingewakumbusha watu kwamba ardhi ile ilikuwa na wafugaji.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu Darwin's Nightmare, juu ya biashara ya sangara mjini Mwanza. Samaki huyo, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20, ana majina yake: sangara Tanzania, mbuta Kenya, mputa Uganda. Minofu yake hukatwa viwandani na kusafirishwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, mifupa na mkia, nacho huitwa mapanki. Filamu iliteuliwa kugombea Oscar mwaka 2006. Nchini Tanzania ililaumiwa vikali. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka huo, na Mwanza watu waliandamana kuipinga. Magazeti na wananchi waliiita filamu ya mapanki.

Jina hilo walilolichagua wananchi lastahili kutazamwa. Mtengenezaji aliita filamu yake jinamizi. Wananchi waliiita kwa jina la kitu. Na ugomvi wote, kwa macho ya mwanaistilahi, ulikuwa juu ya neno hilo moja. Je, mapanki ni takataka au ni bidhaa? Ni chakula cha watu au cha mifugo? Ukilitafsiri kwa neno la kigeni lenye maana ya taka, umekwisha kumhukumu anayelikaanga na anayelinunua. Ukilitafsiri kwa neno lenye maana ya chakula tu, umeficha kwamba mnofu umekwenda kwingine. Neno mapanki lilibeba yote mawili kwa pamoja, kwa sababu lilizaliwa sokoni kati ya watu walioijua hali hiyo. Hatusemi kwamba filamu ilikuwa ya kweli yote au ya uongo wote. Tunasema kwamba mjadala ulifanyika kwa lugha ambazo hazikuwa na neno lenyewe, na wale waliokuwa nalo hawakuulizwa maana yake.

8. Mapendekezo na hitimisho

Tuyarudie sasa majina ya filamu za aina hii. Filamu ya hali halisi ni jina lililoenea, na halina kosa la sarufi. Lakini linamwahidi mtazamaji kwamba akionacho ndicho kilivyo. Nyumba ya theluji ya upande mmoja, Serengeti isiyo na wafugaji, na mapanki ya Mwanza yanatuonyesha kwamba ahadi hiyo haitimizwi. Makala ni neno lenye shina la Kiarabu la kusema: makala ni kilichosemwa, na kilichosemwa kina msemaji. Kwa hiyo jina filamu ya makala laelekea kuwa bora. Linakubaliana na shina la Kilatini tuliloliona, linafahamika kwa msomaji wa magazeti na msikilizaji wa redio, na linamkumbusha mtazamaji aulize ni nani anayesema.

Pamoja na hilo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Msimulizi litumike kwa mtu ambaye sauti yake husikika juu ya picha, na mfasiri libaki kwa yule anayegeuza maneno ya lugha nyingine. Katika magari ya sinema kazi hizi zilikuwa za mtu mmoja. Leo si hivyo tena, na kuzichanganya kunaficha ni nani mwenye dhamana ya maneno.

(b) Manukuu litumike kwa maandishi ya chini ya picha, na uingizaji sauti kwa kazi ya kuweka sauti mpya mahali pa ile ya asili.

(c) Majira ya nchi za baridi yaitwe kwa sifa zake, wala yasipewe majina ya mvua zetu.

(d) Kila filamu ya makala inayoingizwa sauti ya Kiswahili iandamane na orodha ya istilahi zake, na orodha hiyo ipelekwe kwenye vyombo vya kusanifisha lugha kabla ya kurushwa, wala si baada ya kosa kuenea.

(e) Filamu inayopigwa hapa iyaache maneno ya wenyeji yasikike jinsi yalivyo na kuelezwa maana yake, badala ya kubadilishwa na neno la jumla. Hili linahusu sangara na dagaa kama linavyohusu majina ya milima, mito na koo.

Yako maelfu ya filamu za elimu ambazo vijana wetu huzitazama leo kwa simu za mkononi bila gari, bila uwanja, na mara nyingi bila Kiswahili. Mfasiri wa zamani alikuwa na dakika chache za kuamua. Sisi tuna miezi na miaka, tuna kamusi na mabaraza, na tuna historia ya karibu karne moja ya kujifunzia. Kazi ya kwanza inayofaa ifanyike ni kuwatafuta wale waliowahi kufanya kazi hiyo katika magari na mabandani, ambao bado wako hai, na kuyaandika maneno waliyoyatumia kabla hayajasahauliwa.